Mwenzako Yu Langoni



Wasomaji walioko Mombasa, Malindi na Lamu huenda wakaistaajabia mada yetu ya juma hili. Mbio? Tena mbio za wanawake wazima, wenye waume na watoto, na mmoja wao mwenye wajukuu? Sisi watu wa pwani tumezoea kuyasikia mambo ya mbio kama habari za Iten na Eldoret, za vijana wembamba wa Bonde la Ufa wanaorudi nyumbani na medali. Hatumo katika habari hizo. Sisi ni wanawake saba wenye asili ya pwani tunaoishi Tassia, mtaa wa Embakasi, mashariki mwa Nairobi, na tangu mwezi wa Rajabu 1445, yaani Januari 2024, tumekuwa tukikimbia mara tatu kwa juma baada ya sala ya alfajiri. Hatuna kasi ya kusimulia. Mwenye mkokoteni wa maji hutupita, na husalimu anapotupita. Tumeombwa tueleze tunavyoendelea bila ya kukata tamaa, nasi tumekubali, kwa kuwa mengi yanayosemwa juu ya hima ya mazoezi husemwa na watu ambao wameshaamka na kunywa chai.

Asiyeijua Tassia aifikirie hivi: majumba ya ghorofa sita, saba, hata nane, yamesimama bega kwa bega, nguo zimeanikwa kwenye kila roshani, na chini yake kuna vichochoro vya udongo mweusi wa mfinyanzi, ambao kiangazi hupasuka na masika hukishika kiatu hadi mguu ukatoka mtupu. Uwanja wa wazi hakuna. Kila kipande cha ardhi kimejengwa, na pengine kwa pupa. Disemba 2019 jengo moja la ghorofa sita liliporomoka papa hapa mtaani na kuua watu. Hivyo mkimbiaji wa Tassia hana msitu wa Karura wala ufuo wa Nyali. Ana njia ya waendao kwa miguu iliyo kando ya barabara ya Outer Ring, iliyopatikana barabara hiyo ilipopanuliwa. Twaifuata hadi pale ambapo makondakta wanaendelea kupaita Taj, ingawa jengo lenyewe la Taj Mall lilibomolewa mwaka 2018, kisha twapinda kuingia barabara ya North Airport, twaipita Fedha, na siku tukiwa na nguvu twalifikia lango la Nyayo Estate kabla ya kugeuka. Hewa ya huko ni mchanganyiko wa moshi wa matatu na harufu ya mandazi ya kwanza ya asubuhi. Aliyehamia karibuni kutoka Lamu aliona taabu ya ziada, kwani Nairobi i juu ya bahari kwa zaidi ya mita 1,600 na kila pumzi hubeba oksijeni kidogo kuliko ile ya ufukweni. Siku za mwanzo alidhani ana maradhi ya moyo. Baada ya majuma machache mwili wake ulizoea, na hofu ikamtoka.

Kabla ya kununua hata kiatu kimoja, tulikwenda kumuuliza shehe wetu. Tunalitaja hili kwa sababu tunajua ndilo swali la kwanza litakaloulizwa barazani. Shehe alituuliza tutavaa nini, tutatoka wangapi, na je, wenyewe nyumbani wameridhia. Kisha akatukumbusha kisa kilichopokewa na Abu Daud, cha Bi Aisha (r.a.) kushindana mbio na Mtume (s.a.w.) safarini, Bi Aisha alishinda mara ya kwanza, na miaka ilipopita na mwili wake ukawa mzito kidogo, Mtume akashinda, akamtania kwamba sasa wamelipana. Kisa hiki hupendwa sana siku hizi na watetezi wa michezo ya wanawake. Lakini wengi wao hukiacha kipande kimoja, nacho ni kwamba Mtume aliwaambia watu watangulie mbele kwanza, ndipo wawili wao wakashindana. Hatukutaka kukiacha kipande hicho. Ndiyo maana twatoka wakati barabara ni tupu, twarudi kabla haijajaa, na hatujapiga picha hata moja ya kutuma popote.

Na bado kuna jambo ambalo kila mwanamke aliyejaaliwa kwenda Makka amelitafakari baina ya Safa na Marwa. Ibada ile ni kumbukumbu ya mama mmoja, Bi Hajar, aliyekwenda mbio huku na huku mara saba akimtafutia mwanawe maji. Leo wanaume ndio wanaosuniwa kuchapuka baina ya zile alama za kijani, na wanawake wanatembea. Hatusemi kitu juu ya hukumu hiyo, wanazuoni wameshasema. Twasema tu kwamba anayetuona tukikimbia na kutuambia kuwa mbio hazikuumbiwa mama wa Kiislamu, na akumbuke anazifuata nyayo za nani.

Juu ya mavazi tuliangaika sana. Buibui la kawaida hujaa upepo na pindo lake hukamatwa na mguu. Dera ni pana mno. Mtandio hulegea kila hatua mia, na pini ikifunguka huchoma. Fundi cherehani wa jirani yetu alitushonea kanzu zifikazo chini ya magoti, zenye mpasuo pembeni, za kuvaliwa juu ya suruali pana, na ushungi wa kitambaa cha jezi usiohitaji pini. Kampuni ya Nike ilianza kuuza hijabu ya michezo mwaka 2017, na ni nzuri kwa anayeimudu, lakini za fundi wetu zimefua na kufuliwa zaidi ya mwaka mzima na hazijachanika. Viatu twavitafuta katika mitumba ya Gikomba: hutazamwa soli kwanza, kisha rangi. Mengine mawili hayasemwi hadharani, ila jarida hili ni la familia na wasomaji wake ni wanawake wenzetu, basi tuyaseme. Sidiria ya kubana vizuri ni muhimu kama kiatu. Na mapaja yanayosuguana yapakwe mafuta ya mgando kabla ya kutoka, la sivyo maji ya kuoga yatakueleza yaliyokupata.

Tulianza kwa kutembea. Mwaka 1996 kijana mmoja wa Kimarekani, Josh Clark, alitunga mpango wa majuma tisa wa kumtoa mtu asiyewahi kukimbia hadi kilomita tano, na inapendeza kujua kwamba aliutunga akimfikiria mama yake, mwanamke wa miaka zaidi ya hamsini. Unakimbia kidogo, unatembea, unakimbia tena. Kila juma kukimbia kunaongezeka na kutembea kunapungua. Majuma tisa ya kijana yule kwetu yalikuwa kumi na saba. Kipimo cha kasi tulijitungia wenyewe: kila mmoja alete tasbihi kwa sauti ya chini, na akishindwa kuzitamka kwa utulivu, basi kasi imemzidi na apunguze. Hukimbia Jumanne na Ijumaa dakika arobaini arobaini, na Jumapili, ambapo hakuna basi la shule la kuwahi, dakika sabini. Jumatatu na Alhamisi tumewaachia wenye kufunga sunna. Ukijumlisha unapata dakika 150, nacho ndicho kiwango cha chini ambacho Shirika la Afya Duniani linamshauri mtu mzima kujishughulisha kwa juma.

Muda wenyewe ni mwembamba. Mwezi wa Januari alfajiri ya Nairobi huingia baada ya saa kumi na moja na robo (jua linawafikia ninyi wa Mombasa kabla yetu kwa dakika kama kumi, mshukuruni Mungu), na basi la shule hupiga honi saa kumi na mbili na dakika ishirini. Baina ya hapo pana sala, mbio, na chupa ya uji.

Sasa tufike kwenye hima, ambayo ndiyo tuliyoulizwa. Juma la kwanza kila mtu anayo. Juma la pili mwili unauma, na juma la tatu hakuna kinachouma, hakuna kilicho kipya, mtu anabaki na blanketi tu. Tulijaribu mambo mengi: chati ukutani, zawadi, maneno ya kutiana moyo usiku katika kundi letu la WhatsApp. Kila kimoja kilidumu siku nane au tisa. Kilichodumu ni kanuni moja iliyozaliwa si kwa ajili ya hima bali kwa ajili ya usalama: hatutoki chini ya watatu, na asiyekuja lazima aseme kabla ya kulala, si alfajiri. Kwani alfajiri si mtu anayeamua, ni kitanda. Na ukikaa kimya kisha usitokee, kuna mwanamke mwenzako amesimama langoni gizani anakungoja, pengine peke yake. Toka siku ile tulipolielewa hivyo, kuamka kukawa amana. Mtu anaweza kujidanganya kwamba mwili wake hauhitaji mazoezi leo; ni vigumu zaidi kujidanganya kwamba mwenzake hasimami pale chini.

Jambo hili lilidhihirika hasa katika zile siku ambazo mwanamke hana sala. Tulikuwa tumeifunga ratiba yote katika alfajiri, tukidhani adhana itatuamsha daima. Kumbe kila mwezi kila mmoja wetu alikuwa anapotea siku sita au saba, na akirudi miguu imekuwa ya mgeni. Katika siku hizo adhana humwambia apumzike, na ni halali yake. Anayemwamsha ni mwenzake. Wengine tumbo huwauma na hubaki nyumbani. Wengine husema mbio za polepole huwapunguzia maumivu. Kila mmoja anaujua mwili wake, na hatulazimishani.

Soja wa lango letu, ambaye si Mwislamu, alidhani mwanzoni kwamba twakwenda msikitini kwa haraka kwa kuwa tumechelewa. Alipojua ukweli alicheka sana. Siku hizi hutuhesabu. Tukiwa pungufu huuliza, "Mama wa ghorofa ya tano yuko wapi leo?" na mama wa ghorofa ya tano anapoletewa salamu hizo, kesho yake hushuka.

Mkubwa wetu ana miaka 54 na ana maradhi ya sukari. Mama yake, Mungu amrehemu, alikatwa mguu kwa maradhi hayo hayo, na miaka yake ya mwisho aliimaliza kwenye kiti karibu na dirisha, akiusikiliza mji usioweza kumfikia. Wengine sisi hutaja unene, usingizi, msongo wa mawazo. Yeye akiulizwa kwa nini anakimbia husema, "Nautaka mguu wangu," basi. Daktari wake alimweleza kwamba msuli unaofanya kazi huivuta sukari kutoka katika damu hata pale insulini ya mwili inapokuwa dhaifu, na kwamba manufaa hayo huweza kuendelea kwa saa nyingi baada ya mbio kwisha. Alimwonya pia kwamba anayetumia dawa sukari yake inaweza kushuka ghafla akiwa njiani, kwa hiyo ajipime kabla ya kutoka na abebe kitu kitamu. Hubeba tende tatu mfukoni. Akirudi huvua soksi na kuzikagua nyayo, kidole kwa kidole, chini ya taa, kwani ganzi ya sukari huficha malengelenge mpaka yawe kidonda. Ana daftari la vipimo vyake. Hatutaandika nambari zake hapa, ni zake. Ila wakati fulani alitupitishia daftari lile sote tukalitazama, na asubuhi ile hakuna aliyelalamikia baridi.

Ramadhani ilitukuta tukiwa na miezi miwili tu ya mazoezi. Nusu saa kabla ya futari ndiyo wanayopendekeza wengi, na ushauri huo bila shaka umetoka kwa watu wasiopika. Saa hiyo sisi tuna kaimati katika mafuta. Tuliishia kupanda na kushuka ngazi za jengo letu baada ya tarawehe, polepole, ghorofa ya kwanza hadi ya saba, watoto wakitufuata kama msafara wa maulidi. Kisha ikaingia Mfungo Mosi na pamoja nayo masika ya 2024, ambayo Nairobi haitayasahau. Maji yalijaa majumbani, watu walikufa, mitaa ya mashariki ikawa mito. Kukimbia nje halikuwa jambo la kufikiriwa. Kutoka saba tukabaki watatu, na hao watatu walirudi kwenye ngazi. Tunaamini kundi lilinusurika kwa ajili ya ngazi zile kuliko kwa asubuhi zote nzuri zilizofuata. Kuna hadithi mashuhuri, nayo vilevile imepokewa kwa Bi Aisha, isemayo kwa maana yake kwamba amali ipendezayo zaidi ni ile idumuyo hata ikiwa chache. Tulikuwa tunaijua tangu chuoni. Tulikuja kuonja maana yake tukiwa tumeshika ukingo wa ngazi, ghorofa ya nne, umeme umekatika.

Agosti ya mwaka huo huo tulikusanyika sebuleni kwa mmoja wetu kuitazama marathoni ya wanawake ya Olimpiki ya Paris. Sifan Hassan, Mwislamu mzaliwa wa Ethiopia anayeikimbilia Uholanzi, alikuwa ameshapata shaba mbili, katika mita 5,000 na 10,000, na sasa alikuwa kwenye kilomita 42. Tuligawanyika, kwani Mkenya mwenzetu Hellen Obiri alikuwa naye mbele pamoja na Tigst Assefa wa Ethiopia. Sifan akashinda kwa saa 2, dakika 22 na sekunde 55, Obiri akawa wa tatu, na Sifan alipopanda jukwaani kuvishwa dhahabu alikuwa amevaa hijabu. Sebule nzima ilinyamaza, kisha mtu akapiga vigelegele. Kilichotugusa zaidi hata hivyo ni cha mwaka uliotangulia: Aprili 2023 aliishinda marathoni ya London, ambayo ilikuwa ya kwanza kwake, siku chache tu baada ya Idi, baada ya kujiandaa ndani ya mwezi wa Ramadhani. Na njiani alisimama kunyoosha nyonga iliyokuwa ikimuuma, wenzake wakamwacha, akawafuata. Tangu hapo anayesimama kando ya Outer Ring kunyoosha mguu huambiwa, "Haya, Sifan, tunakungoja."

Wanne kati yetu walijiandikisha Oktoba katika mbio kubwa za Nairobi, zile zilizoanza mwaka 2003, kwa kilomita kumi. Watatu walikataa kwa sababu ya wingi wa watu na mchanganyiko, nasi tuliona wana haki. Mashindano si sharti la kuwa mkimbiaji. Wa kwanza wetu alitumia saa moja na dakika 21, wa mwisho saa moja na dakika 40. Anayecheka na akumbuke kwamba Bi Margaret Kenyatta, alipokuwa mke wa rais, aliikimbia marathoni ya London ya 2014 kwa zaidi ya saa saba, kwa ajili ya kampeni yake ya Beyond Zero ya kuokoa akina mama wanaojifungua na watoto wachanga, na hakuna kliniki ya kampeni ile iliyouliza alitumia saa ngapi.

Novemba lilitokea lile ambalo waume zetu walikuwa wakilihofia. Karibu na daraja la waendao kwa miguu, pikipiki yenye watu wawili ilipunguza mwendo kando yetu, na simu ya mwenzetu mdogo ikanyakuliwa mkononi. Hakuumia ila mkwaruzo wa kucha. Toka siku ile hatubebi simu isipokuwa moja, iliyofungwa kiunoni chini ya kanzu. Kila mmoja ana kipenga shingoni. Na hatutoki ila wanne. Mume wa mkubwa wetu, mzee aliyestaafu, siku za Ijumaa hutufuata nyuma kwa baiskeli, akilalamika njia nzima kwamba tunakwenda polepole mno kwa baiskeli kusimama wima.

Lakini aliyenyakuliwa simu hajarudi. Mumewe amesema ameona ya kutosha, na yeye hataki kukimbia bila ya radhi ya mumewe. Hatumlaumu mume, hofu yake ni ya mtu anayependa, na lile pikipiki lilikuwa la kweli. Hatumlaumu naye mke. Shehe alipoelezwa alisema ataongea na mume huyo kwa wakati wake, na asisukumwe. Mke ametuambia kwamba asubuhi za Jumanne na Ijumaa bado huamka saa ile ile, na wakati mwingine hupanda ngazi za jengo lao peke yake, kutoka chini hadi juu mara sita, kabla watoto hawajaamka. Tunaandika haya mwezi wa Shaabani, mwezi wa mlisho, na wiki mbili zijazo sote tutakuwa kwenye ngazi baada ya tarawehe. Tumemwalika aje kwenye za kwetu, na mumewe aje na watoto. Amejibu kwamba Ramadhani kwanza ipite, kisha baada ya Idi watakaa waamue. Tunangoja.